Gari Lililokimbia Kontrole

Kwenye barabara ya Bujumbura hadi Rumonge moshi wa magari una rangi tatu, na mafundi wanazisoma zote. Mweusi maana yake mafuta mengi na hewa haba: filta imeziba, au nozeli zinamwaga badala ya kupuliza. Wa buluu ni oili inayoungua: ringi za pistoni zimelika, na mwenye gari hatembei bila kidumu cha oili chini ya kiti. Mweupe usiokatika hata injini ikishapata moto ni maji yamepenya kwenye silinda. Hapo fundi hasemi neno. Anakutazama kwa huruma na kukuuliza una watoto wangapi wanaolipiwa karo.

Pikapu yangu, Toyota Hilux ya mazutu iliyozaliwa Japani na kuzeekea Magara, kijijini kwetu kando ya ziwa na ya barabara hiyo, hutoa rangi zote tatu, na asubuhi za mvua hutoa ya nne ambayo mafundi bado wanaijadili. Watoto wa mtaani kwetu wanaiita Gari la Moshi. Nchi yetu haina reli, na ile ya kutoka Uvinza hadi Musongati ingali inajengwa, kwa hiyo ukitaka kupanda treni Burundi kwa sasa unakuja Magara, unaniona mimi, tunaelewana nauli.

Wahenga walisema pafukapo moshi pana moto. Hawakuwahi kumiliki Hilux. Moshi wangu mweusi unatoka hasa kwa sababu moto haupo wa kutosha: mazutu yanaingia kwenye injini, yanaungua nusu, na nusu nyingine inatolewa nje kwa abiria wa pikipiki waliopo nyuma. Nasema haya mapema ili isidhaniwe kwamba naandika kuutetea moshi. Moshi ni mbaya, na naujua kwa jina na rangi. Ninachouliza ni nani alipe.

Kila kipindi cha kontrole tekiniki, yaani ukaguzi wa magari, kinapokaribia, sisi wenye magari ya Magara tunakuwa ndugu. Barabarani polisi anataka karatasi ya kontrole pamoja na asiransi, na ukikosa moja, amande. Kontrole inataka breki, taa, matairi, mtungi wa kuzimia moto, pembetatu ya kuakisi na sanduku la huduma ya kwanza. Breki kila mtu anazo za kwake, Mungu akipenda. Mtungi wa kuzimia moto ni jambo jingine. Kwa ninavyofahamu, upande wetu wa barabara kuna mtungi mmoja wa kuaminika, wa jirani mwenye daladala, nao hukodishwa kwa siku. Mtungi ule umekwenda Bujumbura mara nyingi kuliko mjumbe yeyote wa kijiji chetu. Umekaguliwa, umesifiwa, umeandikwa kwenye karatasi za magari yasiyohesabika, na sijui kama ndani yake kuna kitu. Moto ukituzukia siku ya kawaida tutatumia ziwa.

Matairi nayo huazimwa. Nimewahi kuiona pikapu ya muuza matofali ikielekea mjini na matairi manne mapya, na jioni ile ile ikarudi nayo; kesho yake matairi yale yale yakapita tena mbele ya nyumba yangu yakiwa yamevaa gari lingine.

Katika safari ninayotaka kuisimulia nilimchukua shangazi, aliyekuwa na miadi ya macho mjini. Yafaa msomaji akumbuke kwamba Burundi tunaendesha upande wa kulia wa barabara, ila magari yetu mengi, yakiwa yametoka Japani, yana usukani upande wa kulia pia. Basi shangazi akakaa kushoto, mahali ambapo katika nchi yenye mantiki angekaa dereva. Tukapita Gitaza, tukapita Kabezi, tukapita jiwe la Mugere ambako Livingstone na Stanley walilala Novemba 1871. Wale walikuja kwa mtumbwi na hakuna aliyewaomba karatasi.

Tulipofika kwenye ukaguzi, mkaguzi mmoja kijana, mwenye shati jeupe la kupigwa pasi kwa hasira, akaja moja kwa moja dirisha la kushoto.

"Mama, naomba permi."

"Mwanangu," shangazi akamjibu, "nimekuja kupimwa macho. Ukiona nafaa kuendesha baada ya hapo, nipe wewe."

Kijana akazunguka upande wangu bila kucheka. Breki zikapita. Taa zikapita, isipokuwa moja ambayo huwaka ukiipiga ngumi, nami nilikuwa nimekwisha kuipiga. Mtungi ukaangaliwa, ukapita, nadhani wanafahamiana. Kisha akaenda nyuma ya gari, akatoa leso nyeupe mfukoni, akaikunjua, akaishika kwa vidole viwili mbele ya bomba la moshi, akapaza sauti: "Kanyaga!"

Nikakanyaga. Kwenye kioo nikaona leso imepepea, halafu sikuona leso, halafu sikuona mkaguzi. Upepo wa ziwa ulipomrudisha, alikuwa ameishika ile leso vile vile, ina duara jeusi katikati lenye ukingo safi utadhani limechorwa kwa bikari. Shati nalo lilikuwa limepata nusu ya duara. Akanionyesha leso bila kusema neno. Shangazi, ambaye alikuwa bado hajapimwa macho, akasema: "Hiyo hata mimi naiona."

Mahali palipo na mashine jambo hili hufanywa kwa adabu zaidi. Gari la mazutu huwekwa bila gia, dereva hukanyaga pedali hadi mwisho mara kadhaa, na kifaa chenye taa hupima ni kiasi gani cha mwanga kimezuiwa na moshi. Gari la esansi huingizwa mrija kwenye bomba, mashine ikahesabu monoksidi ya kaboni na mafuta ambayo hayakuungua. Leso haitoi namba, ila kwa gari langu namba isingeongeza habari mpya.

Nikatumwa Buyenzi. Mwenye gari yeyote wa mji ule anaijua Buyenzi: mtaa wa Waswahili, mtaa wa mafundi, ambako gari lililokufa jana linaweza kukuuzia kioo leo. Fundi wangu akafungua boneti, akasikiliza injini kama daktari, akafunga jicho moja.

"Mzee, unataka gari lipone, au lipite?"

"Tofauti ni ipi?"

"Kupona ni nozeli mpya, ringi, labda na pampu. Kupita ni bisibisi."

Kabla sijajibu alikuwa ameshaizungusha skrubu moja kwenye pampu ya mazutu, robo mzunguko, labda na kidogo. Skrubu ile huamua injini inywe kiasi gani. Ukiifunga, gari linapewa mafuta machache, yote yanaungua, moshi unaisha. Na nguvu nazo zinaisha, kwa sababu zilikuwa kwenye yale mafuta. Tukarudi kwa mkaguzi, ambaye sasa alikuwa amevaa koti juu ya shati. Leso mpya ikatoka. Nikakanyaga. Leso ikabaki nyeupe. Karatasi ikapigwa muhuri.

Kurudi nyumbani, nikiwa nimepakia magunia ya mchele na shangazi mwenye miwani, tukafika kwenye mwinuko mmoja ambao siku zote Hilux huupanda ikinguruma. Siku hiyo ilinong'ona. Gia ya tatu, ya pili, ya kwanza. Kioo cha pembeni kikanionyesha kijana wa baiskeli amebeba bidoni za mawese, amesimama juu ya pedali, jasho linamtiririka. Akatukaribia. Akawa sambamba nasi. Akamwamkia shangazi kwa heshima, "Shikamoo mama," akapita. Shangazi akainua miwani yake mipya na kusema kwamba sasa anaona vizuri kabisa na ingekuwa afadhali asione.

Nilipofika Magara fundi wa hapa akairudisha skrubu mahali pake. Karatasi inasema gari langu ni safi. Gari lenyewe halijaisoma.

Msomaji asidhani ujanja huu ni wa Kiafrika. Septemba 2015 mamlaka ya mazingira ya Marekani ilitangaza kwamba Volkswagen, kampuni yenye wahandisi wa kutosha kujaza Rumonge nzima, ilikuwa imeweka kwenye magari yake ya mazutu programu ya kompyuta inayotambua kwamba gari liko kwenye mtihani. Likiwa kwenye mtihani linajibana na kupumua kwa staha. Likirudi barabarani linaachia oksidi za naitrojeni hadi mara 40 ya kiwango kinachoruhusiwa. Magari yapata milioni 11 duniani kote yalikuwa na programu hiyo. Nilipoisoma habari ile niliwaza tu gharama waliyoingia. Buyenzi wangefanya kazi hiyo kwa bisibisi, na chai wangekunywa.

Na hapa ndipo haki inapoanza kunitatiza. Gari langu lilikujaje Magara? Huko Japani kuna ukaguzi wa lazima uitwao shaken. Gari jipya la mtu binafsi hukaguliwa likitimiza miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili, na gari linavyozeeka ndivyo mwenyewe anavyozidi kuona kwamba malipo yote yale ya ukaguzi, kodi, bima na matengenezo hayana faida. Analiuza. Linapandishwa meli, linateremshwa Dar es Salaam, linapanda malori au linajiendesha lenyewe hadi kwetu. Kwa maneno mengine, Hilux yangu ilikimbia kontrole ya Japani, ikavuka bahari mbili, ikaja kukamatwa na leso.

Haiko peke yake. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilieleza mwaka 2020 kwamba kati ya 2015 na 2018 magari madogo yaliyotumika milioni 14 yalisafirishwa kutoka Ulaya, Japani na Marekani, na fungu kubwa kuliko yote likaja Afrika. Wakaguzi wa Uholanzi walipochungulia magari yaliyokuwa yakingojea meli kuja huku, walikuta baadhi yameng'olewa lile kopo la kusafisha moshi lililoko kwenye bomba, kwa kuwa ndani yake kuna platinamu na paladi zinazouzika. Shemeji yangu mwenye Probox alikwenda kununua kopo jipya alipoambiwa gari lake halina. Alipotajiwa bei aliuliza kama ni pamoja na gari.

Moshi mmoja, basi, una wenyewe wengi. Kuna aliyeliendesha gari likiwa jipya akafaidi miaka yake mizuri, kuna aliyelikata kopo, kuna aliyeliuza, kuna aliyetoza ushuru bandarini na mpakani. Wote wamekwishapata chao. Anayetumwa Buyenzi ni yule wa mwisho. Mzigo mzito mpe Mnyamwezi, walisema zamani. Siku hizi mpe mwenye gari la mkono wa nne.

Halafu kuna mafuta. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikubaliana kwamba kuanzia Januari 2015 mazutu yanayouzwa katika nchi zetu yasizidi sehemu 50 za salfa kwa milioni. Jambo zuri. Lakini tangu uhaba wa mafuta utukabe, mazutu ninayoyajua mimi yanakuja usiku, kwenye bidoni, kutoka ng'ambo ya ziwa, na muuzaji hana kipimo ila kiapo. Aliyeniuzia mara ya mwisho aliapa kwa kaburi la babu yake. Nilipowasha gari, nyuma pakanukia ndagala za kukaanga, na mbwa wa Magara wakatufuata nusu ya njia ya Minago. Ilikuwa mawese, au binamu wa mawese.

Sikukasirika sana, maana nina kumbukumbu ya historia. Katika maonyesho ya Paris ya mwaka 1900 injini ya Diesel iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Mwaka 1937 profesa Chavanne wa Brussels alipata hataza ya kugeuza mawese yawe mafuta ya injini, na mwaka uliofuata basi la abiria likatembea kati ya Brussels na Louvain kwa mawese ya Kongo. Wabelgiji walilitangaza hilo kama maendeleo ya sayansi. Mimi nikifanya hivyo Rumonge, penye michikichi hadi mlangoni, naambiwa gari langu linanuka.

Kuna siku, uhaba ulipozidi, foleni ya magari mbele ya kituo cha mafuta ilikuwa ndefu kuliko soko, na barabara yetu ikawa kimya. Hakuna moshi mweusi, wala wa buluu, wala mweupe. Milima ya Kongo ng'ambo ilionekana hadi mikunjo yake. Nilisimama na majirani tukakubaliana kwamba kwa kipimo chochote cha dunia, magari ya Burundi ndiyo yalikuwa safi kuliko yote. Hata mkaguzi wangu wa leso asingekuwa na la kusema. Ila hakuna aliyefurahi, na ndagala zilioza.

Majirani zetu nao wamo katika kesi hii. Agosti 2025 Rwanda ilianza kupima moshi kwa lazima chini ya mamlaka yake ya mazingira, REMA. Pikipiki inalipiwa zaidi ya faranga 16,000 za kwao, na gari dogo la esansi karibu 35,000. Wana mashine, si leso, na Kigali ina vilima vinavyoukamata moshi, kwa hiyo sababu wanayo. Lakini dereva wa pikipiki anayeishi kwa anachopata leo anaipima ada hiyo kwa sahani za ugali, na mwenye gari jipya la kifahari hata haitambui. Uganda waliwahi kuipa kampuni ya SGS ya Uswisi kandarasi ya kukagua magari yote. Wenye magari wakapiga kelele, na Bunge likataka kandarasi isimamishwe. Kenya, matatu hukaguliwa kila mwaka, na pendekezo la kuingiza hata magari ya watu binafsi yaliyozidi miaka minne limezua mabishano. Kila mahali malalamiko ni yale yale: mashine ni ya nani, na pesa zinakwenda wapi.

Kwangu mimi ada yenyewe ndiyo ndogo kuliko vyote. Piga hesabu: mazutu ya kwenda na kurudi mjini kwa bei ya bidoni, kukodi mtungi, kuazima matairi, chakula cha shangazi, siku nzima bila mzigo, fundi wa Buyenzi wa kufunga skrubu na fundi wa Magara wa kuifungua. Kwa pesa hizo ningekuwa nimekwishanunua nozeli mbili. Yaani kuthibitisha kwamba gari halitoi moshi kumenigharimu ile pesa ambayo ingeliondolea moshi.

Mke wangu, anayepikia kuni na makaa kama karibu kila nyumba huku kwetu, alinisikiliza nikilalamika jioni moja akaniuliza, "Na jiko langu je, wataliletea leso lini?" Nilitaka kucheka, ila Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020. Nikanyamaza nikakohoa. Ziwani nako mitumbwi ya injini inapita ikiacha utepe wa buluu juu ya maji, na hakuna mkaguzi aliyewahi kuogelea na leso.

Hata hivyo sitasema moshi wa gari uachwe kwa sababu kuna moshi mwingine. Pale tunapopunguza mwendo sokoni Magara, akina mama wauza maembe na samaki wa mukeke hukimbilia madirishani, na mmoja huwa amembeba mtoto mgongoni. Nikiondoa gari, wingu la kwanza, lile zito, linawafunika wao. Kichwa cha yule mtoto huwa ndani ya wingu hilo. Yeye hana gari, hana permi, hakukimbia kontrole ya nchi yoyote, na ndiye anayelipa kuliko sisi sote. Kwa ajili yake niko tayari kulipa. Nakataa tu kulipia karatasi.

Basi anayetunga sheria hizi, kama anapita barabara yetu hii ya RN3 huku vioo vimefungwa, ninamwomba machache. Gari lenye kopo lililokatwa lizuiwe bandarini, kabla halijapata mwenyewe wa mwisho. Bidoni ipimwe kabla ya bomba, kwa maana linalotoka nyuma ndilo lililoingia mbele. Atakayeshindwa apewe muda, na akirudi na risiti ya nozeli apimwe tena bure. Hapo fundi atakuwa na sababu ya kuponya badala ya kupitisha. Ada ifuate uzito wa gari na safari zake. Na mashine, kama zipo, moja ije Rumonge, maana moshi wa kupeleka moshi Bujumbura nao ni moshi.

Wakifanya hivyo nitakuwa wa kwanza kwenye foleni, na kwa heshima ya siku hiyo nitanunua mtungi wa kuzimia moto wa kwangu mwenyewe. Majirani watakaoutaka, bei yangu ni nafuu kuliko ya mwenye daladala.